Pongezi kwa Semina za Wanawake wa Mlimani

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wengi hukiita Mlimani, kina deni la shukrani kwa wanawake wanataaluma ambao, mwanzoni mwa miaka ya 1980, waliunda kikundi cha utafiti na uwekaji kumbukumbu kuhusu wanawake, wakawa wanakutana kujadili kazi zao na kukusanya maandishi yaliyokuwa yametawanyika. Mwaka 1983 Ophelia Mascarenhas na Marjorie Mbilinyi walichapisha bibliografia chambuzi kuhusu wanawake wa Tanzania, yaani orodha ya maandishi ambayo hueleza na kupima hoja zake. Kazi ya subira kubwa, ambayo bado haijapewa heshima inayostahili. Haja ya mikutano ya namna hiyo ilidhihirika kwa uchungu mwaka 1990, mwanafunzi mmoja wa kike alipojiua baada ya kudhalilishwa na wanafunzi wenzake wa kiume.

Mtandao wa Jinsia Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1993 na wanaharakati waliojumuisha wahadhiri wa Mlimani, uliupeleka mjadala huo nje ya chuo, katika semina za Jumatano huko Mabibo, ambazo mtu yeyote huweza kuhudhuria. Huko hutumika uraghbishi, mbinu ambayo mwezeshaji hahubiri, bali huuliza hadi washiriki wenyewe wataje tatizo, wachimbue chanzo chake na wapange hatua. Hivyo, mkazi wa mtaani anayelalamikia ukosefu wa maji huchangia uchambuzi wa bajeti ya taifa sawasawa na profesa.