Mkono wa Pedali Hautolewi kwa Kuendeshwa

Uamuzi wa kufungua bolti ya mkono wa pedali, kisha kumwambia mwenye baiskeli aiendeshe mpaka mkono ulegee na kuchomoka wenyewe, ni uamuzi mbaya, na ubaya wake haupunguzwi na ukweli kwamba mkono hatimaye hutoka. Kazi inayochambuliwa hapa wasomaji wa Mbeya na Iringa wameishuhudia vijiweni: baiskeli ya mtumba yenye mikono ya alumini imeletwa ikilia katikati, ekseli ya kati inatakiwa itolewe ili gololi zikaguliwe, na fundi hana pula, yaani chombo cha skrubu kinachojifunga kwenye hesi ya mkono na kuuvuta nje ya ekseli. Hatua za mwanzo zilikuwa sahihi, kwani kifuniko kilitolewa, bolti ikafunguliwa kwa spana ya boksi namba 14, na washa haikusahaulika ndani.

Baada ya hapo kazi iliharibika. Ekseli ya aina hii ina ncha ya mraba inayopungua upana kuelekea nje kwa mwinamo wa digrii 2 kila upande, nao mkono una tundu la mraba lenye mwinamo uleule, hivyo kinachoushika mkono ni mbano wa nyuso nne zilizogusana kikamilifu, na bolti huutunza mbano huo tu. Bolti ikiondolewa na mpandaji akakanyaga, alumini, iliyo laini kuliko chuma cha ekseli, husagwa kwenye pembe za mraba kila pedali inapozunguka, tundu likapanuka na pembe zake zikaliwa, na tangu siku hiyo mkono hulegea tena hata bolti ikazwe kwa spana ndefu kiasi gani. Anayesifu kwamba mkono umetoka bila nyundo hajalitazama tundu.

Hatari ya uamuzi huo huongezeka katika miji ya milimani. Anayeteremka kutoka Iringa mjini kwenda Ipogolo, au kutoka Iwambi kwenda Mbalizi, husimama juu ya pedali na kuziegemezea uzito wake wote, na mkono ukichomoka hapo mguu huenda chini huku malori yakiwa nyuma yake. Fundi anayemtuma mteja barabarani akiwa na mkono usio na bolti amemkabidhi kazi ambayo ilipaswa kumalizikia kijiweni.

Wala haikuwa lazima, kwa sababu zana mbadala ilikuwa karibu. Gereji za magari zina pula ya beringi yenye kucha mbili au tatu, ambazo hushika mgongo wa mkono huku skrubu ya katikati ikisukuma ncha ya ekseli, na upande wa cheni kucha hushika mizizi ya mkono, kamwe si meno ya giya, ambayo hupinda. Mdomo wa ekseli hulindwa kwa kipande cha bolti kuukuu ya baiskeli kilichokatwa kichwa, wala si kila bolti ya milimita 8 inayofaa, kwa kuwa hatua ya hesi ya ekseli ni milimita 1 ilhali ya bolti ya kawaida ni 1.25. Mkono ukigoma humwagiwa maji ya moto, maana alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, na hata maji ya Mbeya, ambayo kwa sababu ya mwinuko huchemka karibu nyuzi 94 tu, yanatosha kuulegeza kidogo.

Safu hii imekwisha kulalamika, na italalamika tena, kwamba pula yenyewe haipaswi kuwa adimu. Mikono isiyo na pini, kama hii ya alumini, ilitolewa na kampuni ya Stronglight ya Ufaransa mwaka 1933, na hesi iliyozoeleka leo, ya kipenyo cha milimita 22 na hatua ya milimita 1, ni kazi ndogo kwa mashine ya kukerezea vyuma. SIDO, shirika la viwanda vidogo, ipo tangu 1973, Mbeya ina chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, na mji huohuo ulikuwa na kiwanda cha Zana za Kilimo kilichofua majembe. Kwa hiyo fundi wa Mwanjelwa, Mbeya, kukosa pula ni aibu ya walio juu yake kabla ya kuwa yake.

Hata hivyo, mafundi wa zama za Raleigh, Phoenix na Swala hawakuwa na zana nyingi zaidi. Mikono yao ya chuma ilishikwa na kotapini, yaani pini yenye upande mmoja uliochongwa kama kabari, na waliitoa kwa kulegeza nati mpaka ilingane na ncha ya pini ili hesi isipondeke, wakasimamisha kipande cha bomba kutoka sakafuni hadi chini ya mkono ili kishindo kipite kwenye bomba na kuziacha gololi salama, kisha wakapiga pigo moja zito badala ya mengi mepesi. Wenye jiliwa waliibana pini ikatoka bila kupigwa kabisa. Fundi wa aina hiyo, akiletewa leo mkono wa alumini naye hana pula, angeirudisha bolti, akaikaza, na kuizuia baiskeli kijiweni hadi pula iazimwe gereji.