Kitenzi "Kupotoshwa" na Wafuasi wa Ndonye wa Kauti

Waandishi wanaojadili dini mpya kwa Kiswahili hawachoki na kitenzi kimoja: wafuasi "walipotoshwa". Kauli hii ya kutendeshwa humpa nabii kazi yote. Mfuasi haachiwi hata tendo moja. Maofisa wa Kiingereza huko Machakos walifanya vivyo hivyo mwaka 1911, walipouita wazimu mwamko wa kupagawa wa akina Siotune wa Kathuke na Kiamba.

Mwaka 1922 katika wilaya hiyo hiyo akatokea Ndonye wa Kauti. Aliahidi kwamba Wazungu wataondoka, na inasimuliwa kuwa alitazamia waya wa simu wa kuzungumzia na Mungu. Ahadi hiyo humchekesha asiyewajua walioisikiliza: watu waliokwisha kuona vifo vya wapagazi wa vita, homa ya 1918, njaa, kodi na kipande. Waya ulikuwa chombo cha serikali. Kuutaka ni kutaka kusikilizwa. Hao walichagua. (Serikali nayo haikucheka, ilimhamisha Ndonye.)

Kubaki ni jambo jingine, na hapa kitenzi hicho chashindwa kabisa. Aliyekwisha kuuza mifugo na kugombana na ukoo haulizi tena kama mafundisho ni kweli. Auliza atarudi kwa nani. Huko Shakahola, ambako tangu 2023 imefukuliwa miili zaidi ya 400, watoto hawakuchagua lolote. Lakini mtu mzima aliyedanganywa siku ya kwanza, siku ya mia alizuiwa na nini?