Jeki Ikivuja, Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Sili

Jeki ya mafuta ikianza kuvuja, wengi huongeza mafuta, na yakizidi kutoka huenda dukani kununua sili mpya. Wiki chache baadaye mafuta yanatiririka tena, na lawama zote anabebeshwa muuza vipuri. Mara nyingi kilichoiua sili ya kwanza bado kimo ndani ya jeki, kinaisubiri ya pili.

Jeki huzidisha nguvu kwa sababu pistoni ndogo ya pampu husukuma mafuta chini ya pistoni kubwa. Ikiwa ndogo ina kipenyo cha milimita 12 na kubwa milimita 36, nguvu huongezeka mara 9, kabla hujahesabu msaada wa mpini. Hayo yote yanawezekana mradi mafuta yasipate upenyo. Joseph Bramah, aliyepata hataza ya mashine ya kugandamiza kwa nguvu ya maji huko Uingereza mwaka 1795, alisumbuliwa na jambo hilohilo: akiikaza pistoni, inakwama, akiilegeza, maji yanatoka. Suluhisho, ambalo sifa yake hupewa fundi wake Henry Maudslay, lilikuwa ukosi wa ngozi wenye mdomo unaoelekea kwenye shinikizo. Maji yakisukuma, mdomo unatanuka na kuziba, yakitulia, unalegea. Sili ya mpira ya pistoni ya jeki ya leo hufuata kanuni hiyo. Ukiivalisha kinyume, mdomo ukaupa mgongo upande wa shinikizo, itavuja hata kama ni mpya kabisa.

Kwa hiyo anza na uchunguzi. Futa jeki ikauke, inua mzigo wa wastani, kisha tazama ukiwa pembeni. Usipapase panapovuja kwa kidole, kwani mafuta yenye shinikizo kubwa hutoboa ngozi. Yakitoka shingoni, pistoni kubwa inapochomozea, shuku sili ya pistoni hiyo. Yakitoka kwenye pampu au kwenye skrubu ya kushushia, shuku oringi ya hapo. Yakitoka kwenye kizibo cha kujazia, huenda umejaza kupita kiasi au kizibo kimechakaa. Jeki ikishuka polepole huku nje ni kavu, huenda gololi za valvu hazikai sawasawa, na mara nyingi chanzo ni uchafu.

Ukishajua mahali, tafuta sababu. Pitisha kucha juu ya pistoni: ikikwama kwenye vishimo vya kutu, sili yoyote utakayoweka itachanika. Kutu nyepesi huondoka kwa msasa laini. Vishimo virefu vinataka pistoni nyingine. Uliza pia jeki iliwahi kutiwa mafuta gani. Mafuta ya breki ya kawaida hulainisha na kuvimbisha sili za mpira uliotengenezwa kwa ajili ya mafuta ya haidroliki. Oili chafu ya injini hupeleka masizi na vumbi la chuma hadi kwenye gololi.

Unapofungua, panga vipuri kwa mfuatano, maana gololi hutofautiana ukubwa. Skrubu ya kudhibiti uzito iliyopimwa kiwandani usiiguse. Safisha vikalio vya gololi, badilisha zilizopata kutu, na upime sili kwa kipenyo cha ndani, cha nje na kimo. Paka mafuta safi kabla ya kuivalisha. Kisha jeki ikiwa wima na pistoni imeshuka, jaza mafuta ya haidroliki hadi ukingo wa chini wa kitundu. Toa hewa: fungua skrubu ya kushushia, piga pampu haraka mara 10 hivi, funga, inua bila mzigo hadi mwisho, kisha shusha.

Baada ya hapo, matunzo ni mepesi: ihifadhi wima, pistoni ikiwa imeshuka, mahali pakavu, na ubadilishe mafuta yakibadilika rangi.

Hata ukimaliza kazi hii vizuri, kumbuka kwamba chembe moja ya mchanga chini ya gololi inatosha kulishusha gari bila taarifa. Jeki ni ya kuinulia tu. Tia kabari kwenye matairi, gari likae juu ya stendi za chuma, ndipo uingie chini.