Kilele Kikihama, Anza na Kisichoshikwa

Kwenye kromatografia ya kimiminika (HPLC), dawa iliyokuwa ikitoka kwenye kolamu dakika ya 6.0 leo imetoka dakika ya 6.3. Wengi hukimbilia kubadilisha kolamu, nayo ni ghali, kabla ya kuuliza swali moja: je, kilele cha kitu kisichoshikwa na kolamu nacho kimehama?

Katika kolamu ya C18 yenye urefu wa milimita 150 na kipenyo cha milimita 4.6, kimiminika kikipita kwa mililita 1 kwa dakika, yurasili hutoka takriban dakika ya 1.5, kwa kuwa haishikwi. Huo ndio muda mfu. Toa muda mfu kwenye muda wa dawa, kisha gawa kwa muda mfu: (6.0 − 1.5) ÷ 1.5 = 3.0. Hicho ni kigezo cha mshiko.

Tuseme leo yurasili imetoka 1.58 na dawa 6.32. Kigezo bado ni 3.0. Kemia haijaguswa, mwendo wa kimiminika umepungua kwa asilimia 5. Kagua viungio vinavyovuja, viputo vya hewa na valvu za pampu. Kisha kinga kimiminika kwenye silinda ya kupimia: mililita 10 zinapaswa kujaa kwa dakika 10.

Lakini yurasili ikibaki 1.50 na dawa ikatoka 5.4, kigezo kimeshuka hadi 2.6. Hapo kasi ya pampu haihusiki. Vilele vyote vilivyoshikwa vikiwahi, shuku joto lililopanda au asetonitraili iliyozidi. Nyuzi 1 tu ya joto huweza kubadili mshiko kwa asilimia 1 hadi 2. Kikihama kimoja peke yake, shuku pH.

Ibuprofeni inaonyesha hatari hiyo vizuri. Ni asidi yenye pKa kati ya 4.4 na 4.9. Bafa ikiwa karibu na hapo, pH ikipanda kidogo tu huongeza molekuli zenye chaji, nazo hushikwa kidogo zaidi na C18. Fosfati haisaidii kwenye pH 4.5, maana nguvu yake kama bafa iko karibu na pH 2.1 na 7.2, asetati ndiyo inayofaa. Anayebuni mbinu mpya afadhali ashuke hadi pH 2.5, mbali na pKa, na apime pH kabla ya kuongeza asetonitraili.

Kwa hiyo andika muda mfu katika kila kipimo, hata siku ambayo kila kitu kiko sawa. Bila namba hiyo, hitilafu ya pampu na ya bafa huonekana sawa, na kolamu nzima hutupwa bure.