Tembo Huhesabiwa kwa Saa

Wageni watatu kutoka bara walikuwa waje kwangu Msambweni, na mmoja wao, mpenzi wa wiski, aliniomba niwaandalie jioni ya kuonja mnazi, yaani tembo. Wenzake wawili walikuwa hawajawahi kuugusa. Ingekuwa wiski, chupa zingepangwa kwa umri na ukali, na mgeni angeanzia kwenye ile laini. Ile ya Scotland hairuhusiwi hata kuitwa wiski kabla ya kukaa kwenye pipa la mwaloni miaka 3. Tembo huhesabiwa kwa saa. Nikaenda kumwona mgema.

Nilimkuta juu. Mnazi wenyewe ulikuwa umechongwa vidato toka chini hadi karibu na makuti, neno lilelile tulilolipeleka shuleni likawa madarasa ya sekondari. Mgema hupanda na kotama, kisu chake kilichopinda, akitafuta karara ambalo halijapasuka. Hulifunga kamba, akaliinamisha kidogo kidogo kwa siku kadhaa lisije likavunjika, kisha huanza kuikata ncha yake. Hukata ubale mwembamba kama ganda la kitunguu, asubuhi na jioni, kila siku ya Mungu. Akizidisha, karara litaisha kabla ya wakati wake. Akipunguza, kidonda huziba na utomvu hukatika. Na karara linalogemwa halizai. Kila kibuyu kinachoshushwa kina nazi ambazo mwenye shamba amekubali kuzikosa.

Aliposhuka nikamweleza haja yangu. Hakuniuliza wageni wanapenda nini.

"Wanakula saa ngapi, mwanangu?"

"Saa 2 usiku, mzee."

"Basi mchana nitapanda tena, nitundike kibuyu kilichosuuzwa kwa maji ya moto, nikishushe kabla ya magharibi. Tembo hilo wape kwanza. La asubuhi lifuate. La jana liwe la mwisho, kidogo tu, na usimpe aliyechoka na safari."

Utomvu hutoka kwenye karara ukiwa utamu mtupu. Hamira ya hewani, na ile iliyobaki kwenye mashapo ya kibuyu, huuvamia papo hapo. Baada ya saa chache unatoa povu, kesho yake utamu umepungua na ukali umepanda, na ukiachwa zaidi unaelekea kuwa siki. Wateja wa mangweni wakitaka kali, mashapo huachwa kibuyuni yaharakishe kazi. Wanaoanza huoshewa kibuyu. Ndiyo maana naamini kwamba uchaguzi mgumu kuliko wote ulifanyika pale kwenye maji ya moto, kabla sijagusa kikombe hata kimoja. Methali yetu inamshuku mgema kwamba akisifiwa tembo hulitia maji; mimi husikia humo pia heshima kwa ulimi wa aliyeitunga, maana maji aliyatambua.

Usiku ule nilichuja kwa kilifu, nyuki na sisimizi wakabaki juu. La kwanza lilikuwa jeupe kama maji ya kuoshea mchele, na harufu yake ilikuwa ya unga wa vitumbua uliokwisha kuumuka. Jirani yangu, Mdigo na Mwislamu asiyekunywa, aliitambua kutoka barazani: bibi yake alitumia tembo badala ya hamira. La pili lilichoma ulimi kidogo, na mmoja wa wale wageni wapya akarudi kwenye la kwanza akatulia hapo, nami sikumsukuma. La tatu lilimnyamazisha mpenzi wa wiski. Alilishika mdomoni kwa muda mrefu, akauliza lina umri gani.

"Siku moja na saa mbili tatu," nikamjibu.

Saa 12 asubuhi nilimwona chini ya mnazi, uso ameuinua, akimwangalia mzee akipanda kidato kwa kidato.