Kosa la «Kupelekea»

Baadhi ya wafasiri, wakifuata muundo wa Kiingereza, huandika: «Unyevu ghalani hupelekea kuvu.» Sentensi hii haifai. Kupelekea ni kauli ya kutendea ya kupeleka, nayo hudai mpelekewa: mkulima wa Mufindi humpelekea mwanawe aliyeko Mbeya gunia la mahindi. Je, unyevu umeipelekea kuvu kitu gani? Lugha yetu haina upungufu hapa. Sababu ikitangulia, tuseme husababisha au huleta. Matokeo yakitangulia, tuseme hutokana na. Na kwa asili ya mahali, kutoka yatosha: mahindi yatokayo Iringa. Tangazo lisipomwonyesha mkulima sababu waziwazi, hataona haja ya kuanika mahindi barabara, na sumukuvu italiwa pamoja na ugali.