Zimwi Lile Lile

Nawaheshimu sana wanawake wanaosimulia emegano, yaani ngano, kule kwetu Gusii, na zaidi ya yote nawaheshimu kwa sababu hawaogopi kisa kilichochakaa. Zimwi lao ni lile lile, lenye njaa isiyoisha. Sungura ni mjanja, Fisi ni mlafi na mlafi atabaki. Msichana mrembo amewakataa wachumba wote wa kijijini, sasa amempenda mgeni asiyejulikana atokako, na mtoto wa miaka sita ameshamjua mgeni huyo ni nani kabla hajabisha hodi. Msimulizi anajua kwamba mtoto anajua. Kazi yake inaanzia hapo.

Nimewahi kumsikiliza nyanya mmoja upande wa Nyamira, kwenye mashamba ya chai, stima zikiwa zimepotea na wajukuu wamejazana jikoni wakingoja ugali wa wimbi. Alisimulia kile kisa cha wasichana waliokwenda mtoni, mmoja wao akasahau ushanga wake juu ya jiwe. Jamii nyingi za Afrika Mashariki zina kisa cha namna hiyo. Msichana anamwomba mwenzake wa kwanza amsindikize kuufuata. Anakataa. Anamwomba wa pili, naye anakataa kwa maneno yale yale, na safari hii watoto wote wanayatamka pamoja na nyanya, sauti zikipanda. Ikafika zamu ya wa tatu. Watoto walikuwa wameshafumbua midomo. Nyanya akanyamaza, akaugeuza ugali kwa mwiko taratibu, kisha akasema: “Wa tatu akamwambia, nitakusindikiza mpaka kwenye ule mti, halafu nitarudi.”

Jikoni kukawa kimya. Hatua chache tu za njia zilikuwa zimeongezwa, lakini mioyo ya watoto ilipaa, kwa kuwa walikuwa wameshashika mdundo na sasa umekatika mikononi mwao. Asiyeujua mdundo hawezi kustuka unapokatika. Na nyanya alibadilisha mmoja tu kati ya watatu. Angewabadilisha wote, watoto wangekosa pa kushika.

Kisha mjukuu mmoja akauliza, “Magokoro, na mbwa wao alikuwa wapi?” Hakukuwa na mbwa yeyote katika kisa mpaka wakati huo. Nyanya hakusita hata kidogo. “Mbwa? Alikuwa akiwafuata nyuma, wao hawakumwona.” Baadaye zimwi lilipomtia msichana ndani ya ngoma na kuipiga kijiji hadi kijiji ili lilishwe, ni mbwa huyo aliyeinusa ngoma na kukataa kuondoka. Aliyemleta mbwa alisikiliza sehemu hiyo akiwa amekaa wima kama mzee wa baraza.

Ustadi huo huo ndio unaotakiwa katika michezo ya kuigiza wahusika mezani, ambayo ilianza kuenea baada ya Gary Gygax na Dave Arneson kutoa Dungeons & Dragons huko Marekani mwaka 1974. Mwendesha mchezo anaeleza mahali na tukio. Kila mchezaji ana mhusika wake na anasema mhusika huyo anafanya nini. Penye mashaka, dadu hurushwa. Waendeshaji wachanga huona haya kutumia mambo yaliyozoeleka: mzee mgeni aliyekaa pembeni hotelini akiwa na ombi, mrithi aliyefichwa, daraja lenye mlinzi. Wanabuni ulimwengu usiofanana na chochote, halafu wanashangaa wachezaji wamekaa tu wakiuliza maswali. Mtu hawezi kuamua lolote katika nchi asiyoijua desturi zake. Mweke Keroka siku ya soko, pale Kisii na Nyamira zinapopakana, mletee bibi kizee anayeomba abebewe mzigo mpaka juu ya mlima wa Manga, na kabla hujamaliza sentensi mchezaji mmoja ameubeba, mwingine anataka kwanza aufungue. Wote wawili wamewahi kukutana na bibi huyo katika hadithi. Ndiyo maana wanathubutu. Mwendesha mchezo hodari atauacha mzigo uwe mzigo wa kawaida kabisa, na ageuze kitu kimoja tu, pengine kule juu anayengoja ni bibi yule yule.

Kuna mahali ambapo mazoea haya yanahitaji uangalifu zaidi, nako ni pale wahusika walipokuwa watu kweli. Masimulizi ya Wagusii yanamtaja Sakawa, mwaguzi aliyetabiri kuja kwa wazungu, na Moraa, mwanamke mwenye maono aliyewachochea vijana wasikubali kutawaliwa. Januari 1908 Otenyo, jamaa yake Moraa, alimchoma mkuki Geoffry Northcote, ofisa wa serikali ya kikoloni. Mwaguzi, mama shujaa, kijana na mkuki wake: kila kitu kimekaa mahali pake, na msikilizaji anangoja jitu lianguke.

Jitu halikuanguka. Northcote alipona jeraha, majeshi yakaja kuadhibu, nyumba zikachomwa na mifugo ikachukuliwa, Otenyo akauawa. Mwaka 1937 Northcote akawa gavana wa Hong Kong. Wasimulizi wengine hukomea kwenye mkuki, maana hapo wasikilizaji hushangilia, nami siwalaumu. Lakini wapo wanaowaacha watu washangilie hadi watulie, kisha wanaendelea mpaka mwisho kwa sauti ile ile waliyoitumia kwa Sungura na Fisi, na watoto wanaanza kuuliza maswali ambayo zimwi halijawahi kuwafanya waulize: kwa nini alipona, nani alimsaliti Otenyo, Moraa alisema nini aliposikia. Msimulizi anayeifikisha hadithi hadi Hong Kong ndiye ninayemtafuta kila ninaporudi nyumbani.